Hajati wa Sarafu: Tembo wa Tabora, riale ya bibi na shilingi zilizosuguliwa kwa majivu

Barua za toleo hili nimezifupisha, na majina nimeacha herufi tu. Ombi langu ni moja kwa wote mnaotuma picha: pigeni pande zote mbili na ukingo, sarafu ikiwa juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu. Picha nyingi nilizopokea mwezi huu zimeng'aa katikati hadi sura haionekani, nami siwezi kumwambia mtu neno la kweli juu ya kitu nisichokiona.

Shikamoo Hajati. Mimi nauza nguo hapa Busia. Kuna mtu wa ng'ambo ya mpaka ameniletea sarafu ya dhahabu ya Wajerumani, ina tembo na mwaka 1916. Anasema babu yake alikuwa mpagazi katika vita ya kwanza, akaificha kwenye paa la nyumba mpaka akafa. Anataka milioni 9. Anasema yupo mteja Nairobi anayeisubiri, kwa hiyo nimpe jibu kabla ya Ijumaa. Nimeing'ata, ni laini. Ninunue? Picha nimeziambatisha. — S.W., Busia

Marahaba mwanangu. Usimpe hata shilingi, na hiyo Ijumaa iache ipite.

Ngoja nikueleze kwanza ni sarafu gani, maana ukiijua asili yake utajua pa kuibana. Wakati wa vita ile meli za Waingereza zilifunga pwani ya koloni la Wajerumani, pesa kutoka Ulaya zikawa haziingii. Mwaka 1916 wakaamua kutengeneza zao huko Tabora, ndani ya karakana ya reli. Walitoa sarafu ndogo za heller 5 na heller 20 kwa matumizi ya kila siku, kisha wakatoa hiyo ya dhahabu ya rupia 15: tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, pana mwaka na herufi T ya Tabora, na upande wa pili yupo tai wa Kaiser. Zilipigwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, kazi ikaishia hapo. Kwa kuwa ni chache, na kwa kuwa tembo yule ni mzuri kweli, minadani huuzwa kwa maelfu ya dola. Na hicho ndicho kinachowavuta waigizaji, yaani watengenezaji wa sarafu bandia. Katika sarafu za eneo letu hili, hiyo ni miongoni mwa zinazoigizwa sana.

Sasa tuingie kazini. Halali yake ina uzito wa gramu 7.17 na upana wa milimita 22 hivi. Dhahabu yake ni ya karati 18, yaani sehemu 750 katika 1000. Nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, nawe usimame palepale akipima. Marehemu mume wangu alikuwa sonara Jinja, na mizani yake ndiyo ninayoitumia hadi leo. Alikuwa akisema mwenye kitu halali hakatai kupimiwa. Kama mtu wako anakuja na visingizio ukimtajia mizani, basi amekwisha kukujibu.

Usiridhike na uzito peke yake. Shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu, ikiwa na umbo na unene uleule, itakuwa na gramu 4 na kidogo tu. Mwigizaji analijua hilo, kwa hiyo huifanya nene au pana zaidi ili ifike gramu 7. Ndiyo maana unapima uzito, kisha upana, kisha unene, na vyote vitatu vikubaliane. Sarafu iliyotembea mikononi mwa watu hupungua uzito kidogo kwa kuchakaa. Kuongezeka haiongezeki. Nikiona imezidi uzito wake wa asili kwa kiasi cha kuonekana, huwa natilia shaka zaidi kuliko nikiiona imepungua.

Kisha kuna kipimo cha maji, na hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uishushe hadi izame yote, lakini isiguse chini wala ubavu wa glasi. Tikisa uzi kidogo viputo vya hewa vitoke. Namba itakayotokea kwenye mizani ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Chukua uzito wa sarafu kavu, ugawanye kwa namba hiyo. Kwa dhahabu ya karati 18 utapata karibu 15. Kwa tembo halali, maji yatasoma kama 0.48. Ukipata jibu la 8 na nusu, hiyo ni shaba ya manjano. Ukipata 11 na kitu, pengine una risasi chini ya rangi. Sarafu yenyewe ni ndogo, kosa dogo la mkono hubadilisha jibu, kwa hiyo rudia mara kadhaa na usitumie mizani ya jikoni.

Kung'ata kuache kabisa. Risasi nayo ni laini, na alama ya jino kwenye sarafu halali ni hasara utakayoilipia siku ya kuuza.

Baada ya mizani ndipo uchukue kioo cha kukuzia. Sarafu halali imepigwa chapa: madini yanabanwa kwa nguvu hadi yanaingia kila pembe ya mchoro, herufi zinasimama wima na pale zinapokutana na uwanja, yaani sehemu tambarare ya uso, pana kona kali. Nakala nyingi zimesubiwa, yaani madini yaliyoyeyuka yamemiminwa kwenye kalibu. Ya kusubu hujitambulisha kwa vishimo vidogo vidogo uwanjani, herufi zenye mabega ya mviringo, na mstari ukingoni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Wajanja huupiga tupa mstari huo, basi tafuta mikwaruzo ya tupa. Lakini usiihukumu sarafu ya Tabora kwa viwango vya Berlin. Ile ilikuwa karakana ya reli wakati wa vita. Chapa kukaa kombo kidogo, au ufa mdogo wa chapa, si ushahidi wa uongo, hasa kwenye zile heller 20.

Nimezitazama picha zako kwa utulivu. Herufi za neno RUPIEN zimevimba na miguu yake imeungana. Pembe ya tembo inayeyukia kwenye mkonga, haina ncha. Na ukingoni, upande wa kulia, rangi ya dhahabu imekwanguka pakatokea wekundu. Dhahabu ya karati 18 ni ileile hadi ndani, hakuna wekundu wa kujificha chini yake. Kwa picha hizi peke yake, mimi nisingenunua hata kwa laki moja.

Kuna jambo la mwisho juu ya hii, maana najua utakwenda kwa sonara na huenda siku nyingine ukaletewa iliyo bora kuliko hiyo. Kuna nakala za tembo zilizotengenezwa kwa dhahabu ya kweli, za kuvaa shingoni. Sonara akikuambia "hii ni dhahabu", amekujibu swali la madini tu. Swali la kama ilipigwa Tabora mwaka 1916 bado liko palepale. Hilo linajibiwa kwa kulinganisha mchoro, nukta kwa nukta, na picha za zile zilizokaguliwa na kampuni kama PCGS na NGC za Marekani, ambazo mtandaoni mtu anaziona bure. Na kwa sarafu ya bei hii, muuzaji akubali ikaguliwe kabla hela haijabadilisha mkono.

Ile hadithi ya babu mpagazi inaweza kuwa kweli. Wapagazi walikuwepo, maelfu kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Inaniuma kuona mateso yao yanageuzwa chambo cha kuuzia shaba. Mheshimu babu wa mtu, lakini pima sarafu kana kwamba hujasikia neno.

Hajati, kuna video inazunguka WhatsApp inasema senti 10 ya tundu ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward inanunuliwa milioni 50. Mimi ninayo ya marehemu babu. Wameandika namba ya kupiga, wanataka ada ya usajili elfu 80. Nilipe? — K., Mbale

Usilipe, kijana wangu. Mnunuzi wa kweli haombi ada kwa muuzaji.

Uvumi huo umetokea mahali fulani penye ukweli. Edward wa Nane alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja, akaachia kiti Desemba 1936, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Zile chache zilizopo ni hazina. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme hata siku moja. Zilikuwa na taji na jina tu, kwa hiyo hakukuwa na picha ya kusubiri. Senti 5 na senti 10 zenye jina EDWARDVS VIII zilipigwa, zikatumwa huku kwa mamilioni, bibi zetu wakanunulia chumvi. Itazame vizuri utaona pengine herufi ndogo H, ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, au KN, ya King's Norton. Zisizo na herufi zilipigwa London.

Ni sarafu halali, na bei yake ni ndogo. Kinachoipandisha ni hali yake: nyingi zilitungwa kwenye kamba, tundu likaliwa upande mmoja, na taji likasagika. Kama ya babu yako bado ina mng'ao wa asili na tundu lina kingo kali, iweke. Ni jina la mfalme ambaye kwao Uingereza hawakupata hata peni moja ya kutumia, nasi tulimtumia sokoni Mbale. Mimi ninayo moja na siiuzi.

Assalamu alaikum Hajati. Mimi ni mama wa Kinubi hapa Bombo. Bibi yangu aliniachia mkufu wa shanga, katikati una sarafu kubwa ya fedha yenye mwanamke na tai wa vichwa viwili, mwaka 1780. Juu imelehemiwa kitanzi cha kupitishia uzi. Wajukuu wanasema ina miaka zaidi ya 240 na itatujengea nyumba. Sonara mmoja mjini anataka kuitoa kwenye mkufu ainunue kwa uzito. Nifanyeje? — Mama F., Bombo

Wa alaikumu salaam dada yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla koleo halijagusa mkufu.

Huyo ni Maria Theresia, malkia wa Austria, na sarafu yake watu wa pwani waliiita riale. Alifariki Novemba 1780. Lakini wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameshaizoea sura yake, wakawa hawataki nyingine, hivyo viwanda vikaendelea kuipiga na mwaka wakauacha uleule. Vienna wanaipiga hadi leo. Waitalia waliipiga Roma kuanzia 1935 walipokuwa wanajiandaa kuivamia Uhabeshi, Waingereza wakaipiga London kuanzia 1936, na wakati wa vita ya pili ikapigwa hata Bombay. Kwa hiyo ule mwaka 1780 hauwezi kukuambia yako ilipigwa lini. Inaweza kuwa na umri wa bibi yako, au chini ya hapo. Wala haiwi bandia kwa sababu hiyo, maana viwanda vya serikali ndivyo vilivyoipiga, na fedha yake ni ileile.

Bandia zipo pia, basi ihakiki bila kuitoa kwenye mkufu. Halali ina upana wa karibu milimita 40 na uzito wa gramu 28.07, fedha 833 kwa 1000. Yako itazidi kwa sababu ya kitanzi na lehemu, hilo lisikutie hofu. Chini ya bega la malkia pana herufi S.F. Begani pana bruchi iliyozungukwa na lulu, na wafanyabiashara wa zamani walikuwa wakizihesabu: ziwe tisa, zote zikiwa zimetengana vizuri. Kisha zungusha ukingo chini ya mwanga. Riale halali imeandikwa ukingoni IUSTITIA ET CLEMENTIA, na katikati ya maneno pana mapambo. Mwigizaji wa kusubu hushindwa hapo. Ukingo wake huwa mtupu, au maneno yamefifia kama yamelambwa.

Kile kipimo cha maji nilichomweleza S.W. kinafaa hapa pia, lakini kwa sarafu peke yake, si ikiwa na shanga. Nawe sitaki uuvunje mkufu kwa ajili ya hesabu, kwa hiyo lulu na ukingo vinakutosha. Ikiwa siku moja uzi utakatika wenyewe, basi jibu likaribie 10.

Sasa bei. Nitakuambia kweli ingawa wajukuu hawatafurahi: riale ya miaka ya baadaye, tena yenye kitanzi, haizidi sana thamani ya fedha iliyomo. Kitanzi kimeishusha kwa wakusanyaji kwa sababu moto wa lehemu umeshagusa uso wake. Ukikitoa itakuwa mbaya zaidi, maana kitaacha kovu na doa jeusi palepale juu ya kichwa cha malkia. Yule sonara basi hakuibii akikununulia kwa uzito, mradi apime mbele yako na ahesabu kwa 833, si kwa bei ya fedha chakavu aliyojitungia.

Ila mimi ningekuwa wewe nisingemuuzia. Akikutolea sarafu ile amekuachia shanga za kawaida, na yeye ana kipande cha fedha cha kuyeyusha. Mkufu mzima, ukiwa na uzi wake na kitanzi kilicholehemiwa na mkono wa fundi wa wakati ule, ni kitu kingine kabisa. Mikufu ya mama zetu wa Kinubi imevunjwavunjwa mno, na iliyobaki mizima ni michache kuliko riale zenyewe. Piga picha, andika jina la bibi, alizaliwa wapi, nani alimpa na alikuwa akiivaa siku gani. Ukipita Kampala, ipeleke Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, uwaonyeshe. Kuonyesha si kutoa. Utarudi nayo nyumbani.

Hajati shikamoo. Nilinunua kopo la shilingi za zamani za Afrika Mashariki kwa mzee mmoja huku Jinja, zenye simba. Zilikuwa nyeusi na chafu. Nikazisugua kwa majivu na limau zikang'aa kama mpya. Nimempelekea mnunuzi Kampala, akaziangalia mara moja akanirudishia zote. Amesema nimeziua. Kosa langu nini? — Kijana wa Walukuba

Marahaba. Alichosema ni kikali lakini ni kweli, na nasikitika nawe, kwa sababu hukumkusudia mtu ubaya.

Tuanze na sarafu mpya, iliyotoka kiwandani leo. Chapa inapoibana, madini hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo kuliko jicho linavyoweza kuhesabu. Mistari hiyo ndiyo inayoupa uso mng'ao wa asili. Ishike sarafu kwa ukingo chini ya taa moja, uigeuze taratibu: utaona utepe wa mwanga unazunguka uso wote, unapita juu ya herufi na juu ya simba bila kukatika. Utepe huo ndio mnunuzi wako aliokuwa akiutafuta. Majivu ni mchanga laini. Yameikata mistari ile yote na kuweka ya kwao, ya mkono wako, inayokwenda huku na kule. Ukiigeuza sasa, sarafu inang'aa yote kwa pamoja, mwanga umekwama, na kwa kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo imejaa uwanjani lakini haifiki mizizi ya herufi, ambako bado pana weusi. Mkusanyaji huiona hiyo kutoka mbali. Limau nalo ni tindikali, limeila ngozi ya juu. Na ule weusi uliouona uchafu ulikuwa ngozi ambayo fedha hujivika yenyewe kwa miaka, na ngozi hiyo huilinda.

Shilingi zako zina jambo lao la pekee. Zile za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, sehemu 250 katika 1000, uzito gramu 7.78. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, zikawa za shaba na nikeli. Za mwanzo zikichakaa, sehemu zilizoinuka hugeuka manjano kidogo, ndipo watu hudhani ni bandia na kukimbilia majivu. Ni madini yake hayo. Tena usidhani bandia ya shilingi hizi ni nyingi. Kwa bei yake, nani ajisumbue? Kwenye shilingi za simba, swali karibu kila mara ni la hali.

Hali inasomwa hivi. Tafuta sehemu iliyoinuka kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo vidole na mifuko hula kwanza. Upande wa mfalme tazama nyusi na nywele juu ya sikio. Kwa George wa Tano tazama pia masharubu. Upande wa pili tazama manyoya ya shingo ya simba na nyonga yake. Manyoya yakiwa yametengana uzi kwa uzi na utepe wa mwanga ukiwa mzima, hiyo haikutumika. Manyoya yakiwepo lakini ncha zimelala, imetumika kidogo. Simba akiwa na umbo tu, shingo laini kama kiganja, imechoka, na bei yake ni ya kuchoka. Wenzetu wa Marekani wana kipimo cha namba 1 hadi 70, kilichoanzishwa na William Sheldon mwaka 1949, na kampuni za ukaguzi zinakitumia duniani kote. Mimi nakiheshimu, lakini anayeanza azoee kwanza kumsoma simba kwa macho yake, namba atazijua baadaye. Halafu sarafu iliyosuguliwa, hata manyoya yakiwa yote, kampuni hizo huipa karatasi inayosema imesafishwa badala ya namba safi.

Unauliza zipi dawa za halali. Ni chache mno. Vumbi na udongo: loweka kwenye maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale ya betri yasiyotiwa asidi, siku nzima ikibidi, kisha gusisha kitambaa laini bila kusugua. Mafuta, gundi, au utelezi wa kijani: asetoni safi kutoka duka la kemikali, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha usitumie, imechanganywa manukato na mafuta. Baada ya hapo, acha. Brasso, dawa ya meno, magadi, Coca-Cola, brashi ya waya, vyote hivyo viache jikoni.

Utelezi wa kijani niliutaja kwa makusudi, kwa sababu nusu ya mabegi ninayofunguliwa yana sarafu ndani ya kavera. Plastiki laini nyingi zina kemikali inayotoka taratibu na kuila shaba na fedha, na unyevu wa huku ziwani, Jinja na Entebbe, huiharakisha. Tumia vifuko vigumu vya Mylar, plastiki isiyo na kemikali hiyo, au bahasha za karatasi kavu, kila moja yake. Kwenye kopo tia vile vifuko vidogo vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usifunge kwa mpira, una salfa, utazichora fedha mstari mweusi. Na ukiona kwenye shaba unga wa kijani mkavu unaorudi kila ukiufuta, itenge sarafu hiyo na wenzake siku hiyohiyo, kwa sababu hiyo inaliwa kutoka ndani.

Shilingi ulizonazo sasa usizitie weusi wa bandia. Nasikia kuna wanaozifunga na yai lililochemshwa zigeuke rangi. Huo ni udanganyifu mwingine juu ya wa kwanza. Ziuze ukisema wazi zimesafishwa, kwa bei ndogo, kwa mtu anayejaza pengo la mwaka kwenye mkusanyo wake. Na kama kopo lina hata moja ambayo mkono wako haujaifikia, hiyo ndiyo unipigie picha.

Je, sarafu ikinaswa na sumaku ni bandia? Shilingi zangu 1 na 2 za Uganda za 1987 zote zinanasa. — R.O., Tororo

Zako ni halali. Baada ya mageuzi ya fedha ya Mei 1987, tulipobadilisha shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, hizo zilitengenezwa kwa chuma kilichovikwa shaba, na chuma hunasa. Sumaku ina maana pale ambapo sarafu inadai kuwa ya fedha, dhahabu au shaba tupu: riale ikinasa, ni uongo bila mjadala. Kutonasa lakini si cheti cha chochote, kwa sababu risasi nayo hainasi, wala shaba ya manjano.

Mama Hajati, tuna sarafu kubwa sana ya fedha ya ziara ya Papa, imeandikwa shilingi 30 na 1969. Iko kwenye kisanduku chake. Imeanza kuwa na rangi ya samawati na dhahabu kingoni. Mwanangu anataka kuipiga Brasso kabla ya Krismasi. Na tutajuaje ni yenyewe? — N.J., Nsambya

Mwambie mwanao aiweke Brasso chini sasa hivi.

Papa Paulo wa Sita alifika Uganda tarehe 31 Julai 1969, Papa wa kwanza wa zama hizi kukanyaga Afrika akiwa madarakani, na sarafu za kumbukumbu za fedha na dhahabu zikatolewa. Za fedha zina hesabu rahisi ya kukumbuka: gramu 2 kwa kila shilingi iliyoandikwa. Shilingi 5 ina gramu 10, shilingi 20 ina gramu 40, na yako ya 30 ina gramu 60 za fedha karibu safi, 999. Kwenye maji itasoma kama 5.7. Kama haina jina la nchi wala thamani, hiyo ni medali ya ibada, nazo ni nyingi. Yako imeandikwa shilingi 30, kwa hiyo kilichobaki ni mizani.

Uso wake umepigwa uwe kioo, na kidole kimoja cha jasho huacha alama isiyotoka. Ishikeni kwa ukingo tu, juu ya kitambaa laini, mkono mmoja ukiwa chini yake. Samawati ile na dhahabu ni rangi ya asili ya fedha iliyokaa kisandukuni kwa miaka, na wapo wanaolipa zaidi kwa sababu yake. Kisanduku na karatasi yake visitengane nayo. Ikifika gramu 60 nitumie picha ya ukingo, tutaongea bei toleo lijalo.